Mnyororo Wenye Chumvi

Habari kwamba kijiji kizima kitafanya mtihani ililetwa na Daeng Caya, na kama habari zake zote, ilifika kabla chai haijachemka.

"Anakuja msomi kutoka Java," alisema, akijibwaga uvunguni mwa nyumba, katikati ya nguzo, ambako wanawake hukaa wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba. "Anasomea mnyororo wa nilai. We Bollo, umejiandaa?"

Daeng Bollo, jirani yake, hakuacha kufunga; kule kila mtu mzima huitwa Daeng, kwa heshima. Nilai alilijua. Ndilo neno lililoandikwa juu ya karatasi zake za shule ya msingi, na chini yake alama alizopata, ambazo si za kutangaza. Kwamba wasomi hulitumia neno hilohilo kwa maana ya thamani, hakuna aliyewahi kuwaambia wanawake wa pwani ya Takalar.

"Alama za nini, kwa umri huu?"

"Za mwani. Kila aliye kwenye mnyororo anapewa zake, tangu sisi mpaka huko Ulaya wanakoutia kwenye aiskrimu."

"Basi angalau nitafeli pamoja na Wazungu."

Aliyejiandaa kuliko wote ni Daeng Ngitung, mnunuzi. Alikuwa na huruma ya ajabu mtu huyu. Alinunua mwani wa kila mtu, maana mnunuzi mwingine hakuruhusiwa kukanyaga pale. Aliwaachia watu vichanja vyake vya mianzi waanikie, ilimradi wamuuzie yeye. Na ili mwani usisikie upweke ndani ya gunia, aliugaragaza kwenye chumvi mpaka ukawa mzito, ndipo akaupeleka kiwandani Makassar.

Bollo alikuwa mjane, hana wa kumjengea kichanja, na mvua zilikuwa zinanukia. Mwani ulioanikwa chini ukinyeshewa huwa uji. Ngitung alilijua hilo, ndiyo maana alimpitia yeye kwanza.

"Dada yangu, mgeni akiuliza, chumvi hujawahi kuiona."

"Mimi naishi kando ya bahari, Daeng. Chumvi niione wapi?"

"Usinichezee. Ukifungua mdomo, kichanja usahau."

Adhuhuri Bollo aliomba kwa Mola wake asiulizwe chochote. Ombi halikukubaliwa. Huenda siku ile walioomba hivyo walikuwa wengi.

Mkutano ulifanyika barazani kwa mkuu wa kijiji. Dokta Wiratama, yule msomi, alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayewabembeleza wagonjwa, akala barongko tatu, vile vikeki vya ndizi vya kufungwa majanini, huku akizisifu kana kwamba amezigundua yeye, kisha akabandika karatasi kubwa ukutani na kuchora masanduku yenye mishale katikati.

"Swali langu ni jepesi, akina mama. Mwani ukishatoka baharini, nani anauongezea nilai?"

Bollo alilisikia neno kwa maana yake ya shuleni. Nani anauongezea alama! Shuleni kwao mwalimu mmoja alifukuzwa kwa jambo hilohilo, kuwaongezea watoto alama ambazo hawakuzipata. Kumbe mgeni anajua kila kitu, anatafuta shahidi tu. Wenzake wakainamisha macho. Yeye alichelewa.

"Mama, wewe," dokta akamwelekezea kalamu. "Ni nani?"

Angeweza kusema hajui. Lakini udhu wa adhuhuri ulikuwa bado haujamtoka.

"Daeng Ngitung."

"Kwa njia gani?"

"Kwa chumvi."

Ngitung alitota jasho. Dokta, kwa upande wake, aling'aa kama aliyepata mtoto wa kiume. "Usindikaji wa kienyeji," akasema, akaandika kwa herufi kubwa. "Mzee, ujuzi huu umeupata wapi?"

Ngitung alitazama kushoto, akatazama kulia, akaona hakuna aliyekasirika. "Kwa babu yangu," akajibu kwa unyenyekevu, akapigwa picha.

Kesho yake mwani wa Bollo ulikutwa chini, umemwagwa mchangani. Aliusuuza, akautandaza ndani ya nyumba mpaka pa kulala pakakosekana.

"Mtihani umeufaulu," Caya alimwambia, akimletea mikeka. "Kichanja ndicho ulichofeli."

Mvua zilikuwa zimeshaanza mchoro wa dokta ulipotundikwa kwenye mkutano mkubwa Makassar. Ngitung alialikwa, akakaa mbele na sarong mpya ya hariri, chini ya picha yake mwenyewe. Pembeni ya picha paliandikwa kwa fahari: hatua ya kwanza, kuongeza thamani kwa chumvi. Wenye kiwanda walisoma. Wakarudia kusoma. Kisha wakaagiza magunia yote ya Ngitung yafunguliwe.

Juma lililofuata alikuja mwenyewe uvunguni, bila hariri.

"Dada Bollo, wanataka mwani safi, na usiopita mikononi mwangu ni wako tu. Kichanja kimekaa bure."

"Kina chumvi?"

"Nimekiosha."

Bollo alifunga fundo, akakata kamba kwa meno. "Na dokta alinipa alama ngapi?"

"Kwenye mchoro hupo. Kuna sanduku langu, la kiwanda, na la aiskrimu."

"Na sisi tunaofunga?"

Ngitung alijikuna shingo. "Nyinyi ni ule mshale."

Caya aliangua kicheko mpaka mbegu zikamwanguka mapajani. Bollo alinyanyuka, akajifuta mikono, akamtupia mnunuzi pembe ya mkeka wa mwani.

"Haya, sanduku," akasema. "Shika upande huo, mvua inakuja."