Kiingereza cha Jumatano

Ubao wa kituo ulisimama mlangoni, na kila mwanzo wa mwezi Salima, mratibu, aliufuta kwa kitambaa chenye maji na kuandika upya kwa chaki. Agosti ile aliandika hivi: Jumatatu, somo la simu. Jumatano, Kiingereza kwa Mwalimu Piusi. Alhamisi, kupima presha na kunyoosha viungo. Ijumaa, ufumaji. Chini kabisa, kwa herufi kubwa, safari ya kwenda kuiona Kreta ya Ngorongoro kutoka ukingoni, tarehe thelathini, na anahitajika mtu wa kujitolea kuwaongoza wazee. Kabla ya saa nne asubuhi ya siku hiyo hiyo, jina lilikuwa limekwisha kuandikwa pale kwa mwandiko uliopindapinda: Bartolomeo.

Bartolomeo mwenyewe hakuliandika wala hakuwepo. Aliliandika mkewe, Cresensia, na aliporudi nyumbani alimwarifu mumewe huku akivua viatu, kama mtu anayesema chumvi imekwisha.

"Nimekuandikisha kujitolea, Baba Goodness."

"Mimi? Kwenye shule yenu ya vikongwe?"

"Wewe ndiye unayejua kuwaeleza watu. Miaka yote umewaeleza wageni. Na mimi nataka nikusikie."

Bartolomeo alikuwa dereva wa watalii kwa miaka thelathini na mmoja, na ukingo ule wa kreta aliujua kuliko ua wa nyumba yake, kwa sababu nyumbani alikuja kulala tu. Hakuwahi kumpeleka mkewe kule juu hata siku moja, ilhali kutoka Karatu hadi geti la Lodoare, la kuingilia hifadhini, ni mwendo ambao chai ya kwenye chupa haiwahi kupoa. Kila mwaka alisema, tusubiri wageni wapungue. Wageni walipopungua alisema, tusubiri mvua ikatike. Sasa alikuwa na miaka sitini na tisa, mgongo umekwisha kwa mashimo ya barabara, na kazi yake kubwa ilikuwa kukaa barazani akiwakosoa madereva wa siku hizi.

Kituo chenyewe kilikuwa katika ghala la zamani la ngano pembeni mwa mji. Cresensia alipoanza kwenda huko kujifunza simu, Bartolomeo alicheka, akamwambia wenzake wanajiandaa kwenda kwa Mungu yeye anajiandaa kwenda mtandaoni. Alipoingia kwenye ufumaji, alicheka tena. Lakini mwezi wa kwanza mama huyo aliporudi na daftari la kurasa themanini, akasema amejiandikisha Kiingereza cha Jumatano, Bartolomeo hakucheka.

Mzee mzima kuogopa daftari? Aliliogopa, na alikuwa na sababu.

Mwaka 1999, mwezi wa tano, barabara ya kupanda Rhotia ikiwa bado ya udongo mwekundu, Bartolomeo alikuwa akiwatoa wageni watatu Arusha. Bibi mmoja wa Kizungu, mdadisi mwenye tabasamu, alimuuliza njia nzima habari za familia yake. Ulimi hauna mfupa. Bartolomeo akajikuta anamweleza kwamba mkewe ni muuguzi Arusha, ana sare nyeupe, nyumba yao ina umeme. Madereva wenzake walikuwa na wake wa namna hiyo wengi, wa kusimulia tu, naye hakutaka kuwa mnyonge.

Basi wakakunja kona ya Rhotia, na pale ambapo shamba lao la maharage lilipakana na barabara, alikuwepo Cresensia. Tope hadi magotini, kanga imefungwa kiunoni, Goodness wa mwaka na nusu mgongoni. Akaliona gari la mumewe. Akatupa jembe, akakimbia hadi ukingoni mwa barabara akipunga mikono yote miwili, anacheka kwa furaha kama binti.

Yule bibi akasema simama, simama, nataka picha. Kisha akauliza kwa Kiingereza, "Ni nani yule? Unamfahamu?"

Bartolomeo alishika usukani. Mbele yake alikuwa mkewe anayecheka, nyuma yake muuguzi mwenye sare nyeupe, na hakuwa na nafasi ya wote wawili ndani ya gari moja. Akajibu kwa Kiingereza chake safi, dirisha likiwa wazi, "Huyo? Ni mwanamke wa hapa hapa tu."

Picha ikapigwa. Bibi akatoa pipi, Bartolomeo akaipokea, akanyoosha mkono dirishani akampa mtoto wake mwenyewe bila kumtaja jina. Akatia gia. Kwenye kioo alimwona Cresensia bado anapunga.

Aliporudi nyumbani siku ya nne, mke alikuwa amechinja jogoo.

"Yule mzungu aliuliza nini?"

"Aliuliza shamba zuri namna hii ni la nani."

"Nawe ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ni la mke wangu."

Uongo ungekufa hapo ungekuwa na nafuu. Lakini Cresensia aliupenda. Alikuwa na sikio la ajabu mwanamke yule, wimbo wa kanisani alioimbiwa mara moja aliushika, na jibu lile la Kiingereza alikuwa amelishika vile vile, sauti kwa sauti, bila kujua hata neno moja. Kwenye mashine ya kusaga, kwenye harusi, kwenye sala za jumuiya, alilisimulia: mzungu alisimamisha gari kwa ajili ya maharage yangu! Naye Baba Goodness akamjibu hivi! Kisha alitengeneza shingo kama dereva, akakitoa kile Kiingereza chote mpaka mwisho. Wanawake walipiga vigelegele. Hakuna aliyeelewa, na Bartolomeo kila mara alitoka nje kwenda kutafuta mbuzi ambaye hakupotea.

Njia ya mwongo ni fupi, watu husema. Ya Bartolomeo ilikuwa na urefu wa miaka ishirini na sita, na ubaya wake ulikuwa huo hasa, maana njiani alipata nafasi nyingi mno za kugeuka. Angeweza kusema usiku wowote. Angesema, nilikuwa mjinga, niliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa yako, ilikuwa yangu. Maneno hayo aliyajua kwa moyo. Aliyafanyia mazoezi chooni, shambani, hata kanisani wakati wa mahubiri.

Mwaka huu muda ulianza kumbana. Kila Jumatano Cresensia alirudi na maneno mapya, akayasoma karibu na jiko daftari likiwa magotini. Mwezi wa sita Mwalimu Piusi aliwafikisha kwenye kuwatambulisha watu wa nyumbani. Cresensia alisimama katikati ya jiko, akamwelekezea mumewe mwiko, akasema kwa Kiingereza, "Huyu ni mume wangu." Akarudia mara kumi. Bartolomeo alimrekebisha matamshi, na ndani yake akawa anasema, leo, leo namwambia. Hakumwambia.

Siku chache baadaye akamuuliza, "Baba Goodness, mke kwa Kiingereza anaitwaje?"

Akamtajia. Neno fupi tu, halimalizi hata pumzi. Cresensia aliliandika, akaliangalia sana. Midomo yake ikaanza kucheza bila sauti, na Bartolomeo alijua anachokipitia mle kichwani, sauti kwa sauti.

"Neno hili halikuwemo," akasema.

"Wapi?"

"Siku ile ya Rhotia. Ulivyomjibu mzungu. Halikuwemo."

Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yake. Angeingia tu. "Umesahau," akasema Bartolomeo. "Ni zamani."

"Labda," akasema mkewe, akafunga daftari.

Jumapili iliyofuata jumuiya ilisali kwao, na walipofika kwenye chai Mama Bibiana akaomba kile kisa cha mzungu na maharage. Cresensia alikuwa anagawa vikombe. "Kisa hicho kimezeeka," akasema, na akaendelea kugawa. Bartolomeo alimsikia kutoka kwenye kiti chake. Alihisi kwamba mkewe anajua. Lakini hakuwa na hakika, na mtu mwoga huishi vizuri sana ndani ya kutokuwa na hakika.

Kwa hiyo jina lake lilipoandikwa ubaoni alilichukua kama wito. Nitamwambia kule juu, alijiapia. Nitamwonyesha kreta, halafu nitamwambia.

Tarehe thelathini basi dogo la Kosta liliondoka na wazee ishirini na wawili, wamevaa masweta waliyoyafuma wenyewe, mengine mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Bartolomeo alikaa mbele na dereva, akamkosoa gia hadi getini. Cresensia hakukaa naye. Alikaa nyuma na Seenoi, bibi wa kijiji cha Ololosokwan aliyehamia Karatu kwa binti yake, ambaye ndiye pekee darasani aliyemshinda kwa Kiingereza, kwa kuwa kwao watalii hupita hadi zizini.

Walipita nyani wa getini, wakapanda msituni, ukungu umekaa juu ya miti. Walipofika mahali pa kutazamia palikuwa peupe kwa ukungu, huoni hata mita kumi. Wazee wakanung'unika. Bartolomeo akawaambia wasubiri, na kweli, baada ya muda ukungu ukaanza kupasuka, na chini kule likaonekana Ziwa Magadi, msitu wa Lerai, na nyasi zile pana zenye nukta nyeusi.

Cresensia alisogea hadi kwenye ukuta mfupi, akaweka mikono yake miwili juu ya mawe.

"Ndiyo hii," akasema.

"Ndiyo hii."

"Karibu namna hii, Baba Goodness?"

Hakumlaumu kwa sauti. Aliuliza tu, kama anayepima umbali, na Bartolomeo akayarudia maneno yale moyoni. Karibu namna hii. Mwanamke amelima miaka arobaini akiutazama mlima huu, naye amewaleta watu wa dunia nzima, wakiwemo waliolala usingizi garini.

"Mama Goodness," akaanza. "Nina neno."

"Sema."

Cresensia alimgeukia. Hakuangalia kreta, alimwangalia yeye, na akasubiri. Alisubiri kwa muda wa kutosha, hilo lazima lisemwe kwa haki yake.

"Unaziona zile nukta?" akasema Bartolomeo. "Zile ni nyati."

Cresensia aliyageuza macho yake polepole kwenye nyati.

Magari mawili ya watalii yalikuwa yameegeshwa jirani. Binti mmoja wa Kizungu, kamera shingoni, alikuwa amewapenda wazee na masweta yao. Akamsogelea Cresensia kwa adabu, akamsalimia, akamuuliza kwa Kiingereza cha taratibu kama wametoka mbali. Cresensia akajibu, Karatu. Neno kwa neno, bila kutetemeka. Mwalimu Piusi angefurahi. Binti akacheka kwa kufurahi, kisha akamnyooshea kidole Bartolomeo, aliyekuwa amesimama hapo hapo bega kwa bega na mkewe.

"Na huyu ni nani? Unamfahamu?"

Bartolomeo alilijua jibu. Alilirekebisha mwenyewe mara kumi jikoni. Alijinyoosha kidogo, akashika kofia yake.

Cresensia alimtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Huyo?" akasema kwa Kiingereza, safi, sauti kwa sauti, na hata shingo ile ya dereva aliitengeneza. "Ni mwanamume wa hapa hapa tu."

Binti akatabasamu, akainua kamera, akapiga picha. Akashukuru, akaenda kwa wenzake waliokuwa wakimwita.

Wakabaki wawili kwenye ukuta. Upepo ulikuwa wa baridi.

"Nimetamka vizuri?" akauliza Cresensia, sasa kwa Kiswahili.

"Vizuri," akasema. "Umetamka vizuri." Halafu, kwa sauti ambayo hakuitambua, "Nisamehe, Mama Goodness. Nisamehe. Nilikuwa nataka kukuambia."

"Najua ulikuwa unataka." Alifunga kifungo cha juu cha sweta. "Mimi nilijua tangu mwezi wa sita. Kila jioni nilikaa pale jikoni na lile daftari, nasoma yale yale, nasubiri. Nikasema, akiniambia mwenyewe, nitacheka, yatakwisha. Nilikuwa nimeshajiandaa kucheka, Baba Goodness." Akavuta mikono ya sweta. "Watu wote wale nimewasimulia. Kwa mdomo wangu mwenyewe. Na wewe ulikuwa unatoka nje."

Hakulia. Bartolomeo angependa alie, au atukane, apate pa kushika.

"Wazee wanasubiri," akasema Cresensia. "Waelezee. Si umejitolea?"

Kweli walikuwa wamekusanyika nyuma yao, Salima na orodha yake mkononi, Seenoi mbele kabisa. Bartolomeo akawageukia. Maelezo alikuwa nayo, umri wa kreta, kina chake, idadi ya faru, vichekesho vyake vitatu. Akafungua mdomo na vyote akaviacha.

"Ndugu zangu," akasema kwa nguvu, sauti ikamkatika, akaanza tena. "Kabla ya kreta. Huyu hapa ni mke wangu. Anaitwa Cresensia. Ni mkulima wa Rhotia."

Wazee wakaangua kicheko, maana nani pale hakumjua Cresensia? Seenoi akapiga makofi akasema mzee amechanganyikiwa na baridi. Bartolomeo akarudia tena, sasa kwa Kiingereza, kwa sauti ya kufika mbali, akiwa ameelekea upande wa magari ya watalii. Lakini milango ilikuwa imeshafungwa, na gari la mwisho lilikuwa likikunja kona kuelekea barabara ya kushukia kreta.