Jina la Namba Nane

Siku ya pili ya mashindano ya mpira ya wasichana niliamka kabla ya adhana ya alfajiri. Niliswali, nikaosha magari saba ya wapangaji, nikapiga deki ngazi kutoka ghorofa ya juu hadi mlangoni. Mimi ni bawabu, na bawabu hana Ijumaa wala Jumamosi. Mwenye jengo alikuwa amenipa ruhusa ya kutoka siku zote mbili, mradi kazi ya asubuhi niimalize kwanza. Nilipofika uwanjani magoti yalikuwa yananiuma, na nusu fainali ilikuwa imeshaanza.

Nilikaa pale nilipokaa jana yake, kwenye vidato vya saruji nyuma ya uzio wa waya, karibu na Mama Lujaina. Binti yake ndiye kipa wetu. Yeye huja na chupa ya chai na mfuko wa mbegu za alizeti, hutafuna na kutema maganda, na macho yake hayatoki golini.

"Umechelewa, Baba Fathi," alisema. "Tumefungwa moja, tumerudisha moja."

"Nani karudisha?"

"Namba nane wako. Nani mwingine?"

Nikasema alhamdulillahi. Namba nane ni binti yangu mkubwa, ana miaka kumi na miwili. Alikuwa akikimbia upande wa pili wa uwanja, nywele fupi kama za askari. Mwezi uliopita alizikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni kwa sababu zilimwingia machoni akicheza. Mama yake alilia siku mbili.

Nilitamani kulala. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha baridi kwenye saruji, na baridi hiyo ilinipanda mgongoni, lakini kope zilikuwa nzito vilevile. Nikamwona binti yangu amesogea mbele mno, adui yuko nyuma yake peke yake. Nikasimama.

"Fathi! Rudi nyuma, Fathi!"

Akarudi.

Mama Lujaina akacheka. "Siku nitakayomwona huyo Fathi akicheza, nitamletea keki."

Sisi tuliotoka kusini hatutaji majina ya wanawake wetu mbele za watu. Nikiwa barabarani, mke wangu namwita Fathi. Binti yangu naye namwita Fathi. Fathi mwenyewe, mwanangu wa kiume, ana miaka sita, na hajui kwamba jina lake linafanya kazi ya watu watatu. Jina la mama mzazi ndilo hufichwa kuliko yote. Pale kijijini mvulana akijua jina la mama yako, amekushika pabaya. Na mimi binti yangu nilimpa jina la mama yangu. Kwa hiyo nina sababu mbili za kulifunga kinywani. Katika darasa la jioni la kujifunza kuandika, pale msikitini, mwalimu alitwambia kila mmoja aandike jina la mama yake. Tulikuwa wanaume wengi wa kusini mle ndani. Alipokusanya madaftari alikuta mistari mitupu, akashusha pumzi, akatupa neno lingine la kuandika.

Dakika za mwisho binti yangu alipata mpira katikati ya uwanja. Nilipiga kelele, "Piga, Fathi, piga!" Akapiga. Mpira ulimgonga kipa wao mikononi ukaingia. Mbili kwa moja. Filimbi ya mwisho ikalia, nasi tukawa tumeingia fainali, itakayochezwa alasiri hiyohiyo.

Nilikunja kipande cha boksi nikaswali adhuhuri nyuma ya goli. Nilikuwa bado nimekaa, navuta tasbihi, nilipomwona Kocha Inas ananijia mbio. Kocha Inas ni msichana mwenye kifua cha kujibu watu, lakini uso wake ulikuwa umebadilika.

"Baba Fathi, unaitwa mezani."

"Nimefanya nini?"

"Jezi za njano tuliowafunga wamelalamika. Wanasema namba nane ni mvulana. Wanasema hata baba yake anamwita Fathi mechi nzima."

Nilidhani ananitania. Akaendelea: "Nimewaambia namjua tangu ana miaka tisa. Wananiambia mimi na wewe ni kitu kimoja. Wakiamini, hachezi tena, na timu nzima inatolewa."

Meza ilikuwa chini ya turubai. Aliyekalia kiti ni Bwana Wagih wa kamati, mtu mzima mwenye skafu shingoni na mafua makali. Kumzunguka walikuwepo wanaume kama kumi, wengi wao wazazi wa jezi za njano, pamoja na kocha wao, kijana mwenye filimbi mbili shingoni. Sikujua ya pili ni ya nini.

"Wewe ndiye baba wa namba nane?" Bwana Wagih akaniuliza.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mwanao ni wa kiume au wa kike?"

"Wa kike, wallahi."

"Mbona unamwita Fathi?"

"Fathi ni mdogo wake."

"Huyo mdogo wake yuko wapi?"

"Nyumbani. Ana miaka sita."

Yule kijana wa filimbi mbili akawageukia wenzake. "Mmesikia? Mtoto yuko nyumbani, baba anamwita huku. Labda anataka amsikie akiwa chakulani."

Wakacheka. Mimi nikatazama viatu vyangu. Bwana Wagih alipenga kamasi, akakunja leso.

"Mzee, mama yangu kwao ni Sohag, hukohuko kusini kwenu. Najua kinachokusumbua. Lakini malalamiko yameandikwa, na mimi lazima nijibu kwa kuandika." Akatoa cheti cha kuzaliwa kwenye jalada, akakilaza mezani, akafunika jina kwa kiganja. "Nitajie jina la mwanao. Likifanana na hili, kila mtu aende akale."

Walikuwa kumi au zaidi, sikuwahesabu vizuri. Wote waliniangalia mdomoni. Nilisema moyoni, Ya Rabi, nifungulie kifua changu. Jina lilikuwepo, nililiona limekaa palepale kama mtu aliyekaa mlangoni, na halitoki.

"Anafikiria," mmoja akasema. "Jamani, baba anafikiria jina la mtoto wake."

"Mpe muda. Labda ana kumi."

"Mwacheni," Bwana Wagih akasema.

Nililitaja nikitazama chini.

"Sijasikia, mzee."

Nikalitaja tena. Bwana Wagih akanyanyua kiganja, akasoma, akaitikia kwa kichwa. "Ndilo."

Nilidhani imekwisha. Nikageuka niondoke. Kijana wa filimbi mbili akanizuia kwa maneno.

"Bila shaka anajua jina la binti yake. Hilo nani kabisha? Sisi tunasema cheti ni cha dada, anayecheza ni kaka. Mtu aliyekawia vile kutaja jina hafichi kitu?"

Nilitaka kumwambia nimekawia kwa sababu ya heshima. Lakini nilivyoona nyuso zao, nikajua ni kweli, kukawia kwangu ndiko kulikofanana na uongo. Kimya changu ndicho kilichomharibia mtoto. Kocha Inas alikuwa ameanza kupandisha sauti, na Bwana Wagih akagonga meza kwa kalamu.

"Wasichana wako wapi?"

Walikuwa ng'ambo ya uwanja kwenye bomba la maji, wanaosha matope ya viatu, wametupa migongo. Kutoka mezani hadi pale ni urefu wa uwanja mzima.

"Basi amwite," Bwana Wagih akasema. "Kwa jina la kwenye cheti. Asiende mtu kumnong'oneza. Akigeuka, ni lake."

Nilitoka chini ya turubai. Wale wanaume wakatoka nami. Nikaweka mikono mdomoni.

"Nawara."

Hakugeuka mtu.

"Hapo hata mimi sijasikia," alisema mmoja nyuma yangu, "na niko hapa."

Nikavuta pumzi. "Nawara!"

Wasichana wawili wakageuka. Mmoja ni Lujaina, aliyekuwa amevaa glavu zake bado. Binti yangu alikuwa ameinama, anasugua kiatu. Hakusikia cha kumhusu. Na angesikiaje? Tangu azaliwe hajapata kuisikia sauti yangu ikilibeba jina lile nje ya mlango wetu. Kwake, jina hilo kwa sauti yangu linaishi chumbani, karibu na jiko, na huitwa polepole. Huku nje yeye ni Fathi, na Fathi nimekatazwa.

"Andika, bwana mkubwa," yule kijana akasema. "Hageuki. Si lake."

"Bado," Bwana Wagih akajibu. Lakini kalamu alikuwa ameishika.

Nilifumba macho ili nisiwaone wale watu, nikajiweka chumbani kwetu, nikaita kama ninavyoita pale chakula kinapopoa, nikalivuta jina hadi mwisho wa pumzi yangu. Sauti ilitoka nyembamba na ndefu kuliko nilivyotaka.

Nilipofumbua macho alikuwa amesimama wima. Mguu mmoja una kiatu, mwingine soksi. Kisha akaanza kukimbia. Alikuja moja kwa moja katikati ya uwanja, akapita kwenye madimbwi, na kadiri alivyokaribia nikaona uso wake umekosa damu. Akanishika kanzu kwa mikono yote miwili.

"Baba, bibi kafa?"

Mama yangu yuko kijijini, mgonjwa tangu majira ya joto. Mtoto alikuwa amesikia baba yake analia jina la bibi yake mbele za watu.

"Hapana," nilimwambia. "Bibi mzima. Nilikuwa nakuita wewe."

"Mimi?"

"Wewe."

Akaniangalia, akawaangalia wale wanaume, akaona kalamu na karatasi. Akaachia kanzu yangu, akafuta macho kwa mkono wa jezi kwa hasira. "Basi ndiyo unaita hivyo? Nimeacha kiatu."

Hakuna aliyecheka. Bwana Wagih alikuwa ameshaanza kuandika. "Malalamiko yamekataliwa," alisema, akisoma maneno yake mwenyewe. Kisha akanigeukia. "Lakini huyo Fathi, mzee, sitaki kumsikia tena uwanjani hapa. Mimi nina mafua. Sitaki karatasi ya pili."

Kula sikuweza. Mama Lujaina alinipa nusu ya mkate wake wa maharage, nikaushika mkononi hadi ukapoa.

Fainali ilianza baada ya alasiri. Jezi za njano walikuwa wametolewa, lakini watu wao hawakwenda nyumbani. Walijipanga upande wa pili wa uzio, na sasa walikuwa na kitu ambacho asubuhi hawakuwa nacho.

"Nawara! Nywele zako umemwazima nani?"

"Nawara, mdogo wako anakuulizia nyumbani!"

"Nawara, baba analia!"

Kila walipotamka nilihisi kama mtu ananivua kilemba. Nikasimama.

"Kaa," Mama Lujaina akasema bila kunitazama.

"Lile ni jina la mama yangu."

"Najua. Leo wamelijua na wengine. Ukienda pale wataliimba. Kaa unywe chai."

Nikakaa. Nilijaribu kumwomba Mwenyezi Mungu awafunge vinywa, nikaona dua hiyo si nzuri, nikaomba ayafunge masikio ya mtoto. Mtoto hakuonekana kujali. Aliyekuwa akiumwa na zile kelele ni mimi. Yeye tatizo lake lilikuwa lingine. Mara tatu, nne, mchezo ukisimama, aliangalia upande wangu, akangoja, halafu akaendelea. Amezoea nimpigie kelele. Nilikaa nimefumba mdomo kipindi kizima cha kwanza, kwa sababu jina moja nimekatazwa na lingine wamelichukua watu.

Kipindi cha pili niliwasikia tena, "Nawara, Nawara," kwa sauti za wanaume nisiowajua, vijana wa mjini wasiojua hata kulitamka sawasawa. Nikafikiri, jina hili limeshatoka. Halirudi ndani kwa mimi kunyamaza. Linazunguka uwanja mzima, na katika vinywa vyote vinavyolitaja hakuna hata kimoja cha nyumbani kwetu.

Nikasimama. Mara ya kwanza kilitoka kikohozi. Mara ya pili ndiyo ikatoka.

"Nawara! Rudi nyuma, Nawara!"

Mama Lujaina aliacha kutafuna. Upande wa pili wakageuka kunitazama, labda walidhani nimekosea. Binti yangu aligeuza kichwa, mara hii bila kukimbia. Niliita tena. Niliita kila aliposogea mbele, niliita alipoanguka, niliita mpaka sauti ikabaki mkwaruzo, nimeng'ang'ania uzio.

Tulifungwa moja, dakika tatu kabla ya mwisho. Lujaina alilala kifudifudi golini, mama yake akamfuata akiwa ameacha chupa, mfuko na kila kitu.

Binti yangu alikuja usoni pangu, waya kati yetu, amelowa matope hadi shingoni.

"Baba, kipindi cha pili chote unaniambia nirudi nyuma."

"Ulikuwa mbele mno."

"Kocha aliniweka mshambuliaji. Mimi nilitakiwa niwe mbele."

Nilimwambia nisamehe, sauti ikanikatika katikati ya neno.

"Wewe niite tu," alisema. "Mpira niachie mimi."