Filta Mbili za Gari la Bluu

Katika injini arobaini na moja za aina ile ambazo Fundi alikuwa amezifungua kwenye meza ya karakana yake, tatu zilikuwa zimekufa kwa ugonjwa mmoja. Kuna beringi iliyofichwa nyuma ya injini, mahali ambapo jicho halifiki mpaka gia boksi ishushwe. Beringi hiyo huanza kumomonyoka bila sauti, na chembe zake husafiri ndani ya oili. Kisha siku moja, mara nyingi gari likiwa katika kasi, mhimili inaoubeba hutoka mahali pake na injini hukwama. Magurudumu ya nyuma hukwama nayo. Tatu kati ya arobaini na moja. Watu wakiisikia hesabu hiyo hushusha pumzi, kwa sababu thelathini na nane ni nyingi. Fundi alikuwa anamfahamu mwenye mojawapo ya zile tatu.

Alikuwa muuza dawa. Miaka minne iliyopita alimletea Fundi gari lake alisikilize. Fundi aliegemeza bisibisi ndefu kwenye injini, akabandika sikio kwenye mpini, akasema, "Nzima hii." Siku tisa baadaye injini ilikwama mbele ya lori. Siku hizi muuza dawa huhudumia wateja akiwa amekaa, magongo yake mawili yameegemea kabati la dawa za kikohozi, na Fundi hununua dawa mtaa mwingine. Tangu hapo hajampa mtu jibu kwa sikio.

Kwa hiyo Jumamosi ile asubuhi, alipoingia katika gereji ya daktari wa meno mstaafu pamoja na mdogo wake, mkoba wake ulikuwa na filta tatu mpya za oili, moja kwa kila gari na moja ya akiba, kisu cha gurudumu cha kukatia makopo ya filta, sumaku na kitambaa cheupe.

Mdogo wake alikuwa mwalimu wa hesabu wa miaka thelathini na nne. Nyumbani walimwita Kobe tangu utotoni kwa sababu alikuwa wa mwisho kumaliza chakula. Alikuwa amekuja kununua gari la spoti lenye viti viwili, na daktari alikuwa anauza mawili, yote ya aina ya zile injini arobaini na moja. La kwanza lilikuwa la rangi ya fedha, toleo la 2000, injini ya lita mbili nukta saba. La pili lilikuwa la bluu, toleo la 2005, lita tatu nukta mbili.

"Dada, ona mgongo wa hili," Kobe alisema, kiganja chake kikiteleza juu ya bluu. "Ona tu. Ukienda kuposa na hili hawakuulizi kazi yako."

"Umeshaoa."

"Nasema kwa mfano."

"Wifi anajua lina viti viwili?"

"Anajua. Kasema yeye ataendelea na basi. Kiti cha pili ni cha binti, nampeleka shule kila siku. Nimeshamwahidi."

Binti alikuwa na miaka sita. Njia ya shule yake ilikuwa barabara kuu, na barabara kuu ilikuwa na malori. Fundi alilala chali chini ya gari la bluu, tochi mkono mmoja na kioo kidogo mkono wa pili, akasoma namba ya injini.

Kiwanda kilikuwa kimebadilisha beringi ile mara mbili. Magari ya mwanzo, kama lile la fedha, yalikuwa na beringi ya safu mbili za gololi, nayo ilidumu. Baadaye wakaweka ya safu moja, nyembamba. Hiyo ndiyo iliyomtia muuza dawa kwenye magongo. Katikati ya 2005 wakaja na nene zaidi. Namba aliyoiona kwenye kioo iliangukia kwenye yale mamia machache ya injini ambamo kiwanda kilichanganya nyembamba na nene.

"Kwa hiyo ni nusu kwa nusu," Kobe alisema.

"Sikusema nusu. Nimesema sijui."

"Mwaka si umeandikwa kwenye kadi?"

"Kadi inakwambia gari lilisajiliwa lini. Haikwambii wamelitia nini tumboni."

Daktari wa meno alikuwa amesimama kando na kikombe cha chai. Alikuwa mzee nadhifu, kucha zake zimekatwa sawasawa.

"Tushushe gia boksi," Fundi alimwambia. "Saa nne za kazi. Nalirudisha kama lilivyokuwa."

"Binti yangu, gari linatembea, halafu unataka kulipasua?"

"Daktari, wewe ulikuwa unang'oa jino bila picha?"

"Nilikuwa namuuliza mgonjwa panapouma. Huyu hajalalamika." Alikunywa chai. "Filta, sawa. Fungua filta. Gia boksi hapana."

Kobe alicheka. Fundi alilipandisha gari kwenye jeki, akaweka stendi, akaifungua filta. Alifunga mpya badala yake, akafidia oili iliyomwagika, akasema bila kugeuka, "Washeni mwone kama panavuja." Kisha akaichukua ile aliyoitoa hadi kwenye jiriwa, kibanio cha chuma kilichofungwa kwenye meza mwisho wa gereji. Kopo la filta halikatwi kwa msumeno, kwa sababu msumeno wenyewe humwaga unga wa chuma na utamsingizia mgonjwa ugonjwa usio wake. Hukatwa kwa gurudumu, polepole, kama mtu anayefungua kopo la maziwa. Nyuma yake alisikia stendi zinaondolewa, injini ikawaka, ikanguruma vizuri. Alisikia milango miwili ikifungwa. Alidhani wanalisogeza kwenye mwanga.

Kopo liliachia. Alikunjua karatasi ya ndani juu ya kitambaa.

Ilikuwa nyeupe. Hakuona punje hata moja. Alipitisha sumaku kwenye mikunjo yote, sumaku ikatoka kama ilivyoingia. Kwa dakika nzima alihisi kitu kinachofanana na furaha. Kisha akaanza kusoma. Kwenye kitako cha kopo palikuwa na tarehe ya kutengenezwa: miezi miwili iliyopita. Alikumbuka kibandiko pembeni mwa mlango wa dereva, kilichosema oili ilibadilishwa kilomita elfu tisa nyuma. Alikumbuka oili iliyomchuruzika mkononi, yenye rangi ya asali. Oili ya kilomita elfu tisa huwa nyeusi. Mtu alikuwa ameibadilisha juzijuzi, pamoja na filta, na chochote kilichokuwa kwenye filta ya zamani kilikuwa kimeondoka nayo.

Aligeuka. Palipokuwa na gari la bluu palikuwa na sakafu.

"Kobe!"

Lango lilikuwa wazi. Alitoka mpaka barabarani, akatazama kushoto, akatazama kulia. Alitoa simu, akapiga. Simu ililia nyuma yake, ndani ya koti la Kobe lililotundikwa kwenye msumari. Namba ya daktari hakuwa nayo.

Alifikiria kuwafuata na gari la fedha. Ufunguo haukuwepo. Isitoshe, angewafikia afanye nini, awapungie mkono wakiwa mwendo wa mia na hamsini? Alirudi ndani, akasimama mbele ya ile karatasi nyeupe, akafanya jambo alilolijua, yaani kuhesabu. Mzunguko wa kwenda barabara kuu na kurudi haukuzidi kilomita ishirini na tano. Ukiondoa taa za njiani, nusu saa. Kama beringi ni nene, hakuna kitu. Kama ni nyembamba na nzima, hakuna kitu. Kama ni nyembamba na imeanza kuliwa, basi hatari haihesabiwi kwa kilomita, inahesabiwa kwa mguu wa anayeendesha, na mguu wa Kobe ulikuwa umesubiri siku hii tangu akiwa na miaka kumi na mbili.

Dakika ya kumi na tatu simu ndani ya koti ililia tena. Kwenye kioo palikuwa na picha ya binti. Fundi aliiacha ilie mpaka ikanyamaza.

Dakika ya kumi na tisa king'ora kilipita mtaa wa pili, kikielekea upande wa barabara kuu. Fundi alikaa chini kwenye saruji. Aliona wazi, kama anayesoma fomu, taa za breki, tairi za nyuma zikiandika mistari miwili barabarani, pua ya lori. Alijilazimisha kukumbuka kwamba mjini ving'ora hupita kutwa. Ukweli huo haukumpunguzia chochote.

Dakika ya thelathini na moja injini ilinguruma langoni. Gari la bluu liliingia, likazimwa. Kobe alitoka amevimba kwa raha.

"Dada, mia na themanini! Mia na themanini, na bado linaomba! Hili ndilo. Mambo ya beringi tuwaachie wagonjwa."

Fundi alisimama. Alimshika mikono yote miwili juu ya viwiko, akambinya kama anayepima kama mtu ni mzima, kisha akamwachia.

"Nani alikwambia utoke?"

"Ulisema tuwashe."

"Nilisema mwashe. Mwalimu mzima, hujui tofauti ya kuwasha na kuondoka?"

"Sasa mbona umenibinya hivyo?"

Alimgeukia daktari. "Oili imebadilishwa lini?"

"Wiki iliyopita. Mkwe wangu alifanya." Daktari hakuonekana kushtuka. "Mgeni akija si unafagia? Niliwafagilia."

"Filta ya zamani iko wapi?"

"Taka zilichukuliwa Jumatatu."

Labda ulikuwa ukarimu wa kweli. Fundi alimtazama uso, kisha akakumbuka kwamba uso si kipimo. Alitazama kwenye dashibodi. Kilomita ishirini na mbili zilikuwa zimeongezeka. Kilomita ishirini na mbili, kwa kasi, kwenye filta mpya aliyoifunga mwenyewe.

"Pandisheni tena," alisema.

"Dada, umeshafungua."

"Nilifungua ya mkwe wake. Sasa nafungua yangu."

Injini ilikuwa ya moto, na oili ilimuunguza kwenye kifundo cha mkono. Kobe alimfuata mpaka kwenye jiriwa akiendelea kueleza jinsi gari linavyoshika kona, huku kisu kikizunguka kopo. Alikuwa katikati ya sentensi karatasi ilipokunjuliwa.

Mwanzoni zilionekana kama vumbi linalometameta. Fundi aligeuza taa ya meza. Zilikuwa vipande vyembamba, baadhi virefu kama ncha ya kucha, vimelala kwenye mikunjo kama magamba ya samaki. Alishusha sumaku juu yao bila kugusa karatasi. Vipande viliinuka, vikasimama wima, vikaruka.

"Hiyo ni nini?" Kobe aliuliza, ingawa sauti yake ilikuwa imeshajua.

"Chuma cha beringi. Aluminiamu haifuati sumaku."

"Inaweza kuwa ya zamani. Ilikuwa imebaki ndani."

"Kidogo ingeweza. Si hivi, kwenye oili mpya, kwa kilomita ishirini na mbili." Alikigusa kipande kimoja kwa ncha ya bisibisi. "Hiki kimebanduka leo. Ukiwa ndani."

Kobe aliinamia karatasi. Damu iliondoka usoni mwake kuanzia kwenye midomo.

"Ingebaki kilomita ngapi?"

"Sijui."

"Sema tu, kwa kukadiria."

"Kobe, ningejua ningekwambia. Elfu mbili. Au moja."

Kobe alikaa juu ya tairi la akiba, akaweka mikono katikati ya magoti. "Kwenye daraja nililipita lori," alisema. "Dada, nililipita upande wa kulia, halafu nikaingia mbele yake. Karibu sana. Nilikuwa nacheka."

Daktari alikuwa amekuja kutazama. Safari hii hakuwa na kikombe. Alinyoosha mkono. "Nipe hiyo karatasi nimwonyeshe mkwe wangu."

"Nitaipiga picha nikutumie, nimwandikie na namba ya injini na tarehe. Karatasi naondoka nayo."

"Ni gari langu."

"Filta ni yangu, Daktari. Nimekuja nayo. Na ukilikabidhi gari hili kwa mtu mwingine bila kulifungua, nitakuwa nayo."

Walitazamana. Daktari ndiye aliyetazama pembeni, kwenye jeki, kana kwamba jeki ilikuwa na la kusema. "Nilikuwa ndani pia," alisema hatimaye. "Kiti cha kushoto."

Filta ya gari la fedha ilikuwa nyeusi na chafu. Fundi aliikagua kwa dakika arobaini. Alikuta vipande saba vya aluminiamu, vitatu vya plastiki ya kahawia kutoka kwenye kibao kinachoongoza mnyororo wa injini, na hakuna kitu kilichofuata sumaku. Kibandiko, rangi ya oili na tarehe ya kopo vilikubaliana. Lita mbili nukta saba, kuukuu zaidi kwa miaka mitano, ngozi ya kiti cha dereva imepasuka.

"Uchafu huu naujua," alimwambia Kobe. "Hilo ndilo la kuchukua, kama bado unataka."

"Wewe ungempakia binti humo?"

Alitaka kusema ndiyo. Alirudi kichwani kwenye meza ya karakana yake, kati ya zile injini arobaini na moja: za safu mbili zilikuwa kumi na sita, na hata moja haikufa kwa beringi. "Kumi na sita ni chache," alisema. "Lakini ningempakia."

Karatasi zilipotiwa saini, Kobe alishika ufunguo, akafika mlangoni, akasimama. Kisha akaupitisha juu ya paa la gari, kwa dada yake, bila kumtazama.

Walitoka taratibu. Kobe alikuwa amefunga mkanda kabla injini haijawaka.

"Hiyo sauti nini?"

"Kiashiria. Nakata kona."

"Na hiyo?"

"Tairi. Ni lami mbovu."

Walipofika barabara kuu lori lilitokea nyuma yao, likajaa kwenye kioo, taa zake zikiwa zinawaka mchana. Kobe alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Fundi alikuwa kwenye sitini. Aliisikia injini vizuri, kila mzunguko, na sikio lake likamwambia kwamba ni nzima. Hakumwambia mdogo wake. Aliwasha kiashiria, akasogea pembeni, akaliacha lori lipite.