Meza Yenye Bendera ya Kijani

Siku ya kwanza ndani ya meli nilimkuta kuku amelazwa juu ya majani, amekatwa vipande vyembamba, na mbele yake pamesimikwa kibao kilichoandikwa "Saladi ya Mboga". Nikamwita mhudumu. Nikamwonyesha kibao, kisha nikamwonyesha kuku.

"Hii ni ya mboga?"

"Ndiyo, mama. Ya mboga kabisa."

"Na huyu kuku?"

Akainama kumtazama, utadhani ndiyo kwanza wanakutana. "Kuku ni kidogo tu, mama. Wa kupambia."

Wa kupambia! Nimepika katika jiko la hospitali miaka thelathini na moja. Wagonjwa wa kisukari, wa figo, wa presha, kila mmoja na sahani yake, na sijawahi kumpambia mtu kwa kuku. Mhudumu akachukua koleo, akawa anamdonoa kuku kipande kimoja kimoja, kisha akamkabidhi mdogo wangu, niliyesafiri naye, sahani ileile, jibini na mayonezi vikiwa palepale. Akatabasamu, akingoja ashukuriwe. Na mdogo wangu, kwa kuwa hajui kugombana na mtu, akamshukuru.

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Huu ni mwaka wa tisa hali kitu chochote kilichotoka kwa mnyama. Nyama hali, samaki hali, yai na maziwa hagusi, hata asali ameiacha, eti ni jasho la nyuki. Kila Jumapili huja kwangu nikampikia maharage, na mimi humwita Kobe, mla majani. Nimemwita Kobe mbele za watu na pasipo watu, na kila nikimwita anacheka kidogo halafu anatazama pembeni.

Jengo analopanga linabomolewa, kwa hiyo alikuwa na njia mbili. Ahamie kwangu, katika nyumba tuliyoachiwa na mama, au aende kwa binti yake muuguzi, ng'ambo huko, ambako mimi nitabaki kumwona kwenye simu. Binti huyo ndiye aliyetukatia tiketi za meli. "Mama mkubwa," aliniambia, "mkae siku sita pamoja, Mama aamue mwenyewe." Na mdogo wangu akatoa sharti lake tukiwa kwenye ngazi za kupandia, mkoba begani: "Tukila meza moja siku sita bila kunifanyia vituko, Dada, nahamia kwako. Ukinishinda, naenda kwa mwanangu."

Nikasema sawa. Nilimtaka, niseme wazi, nilimtaka sana. Nyumba ile ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Siku hizi naongea na friji.

Meli yenyewe sasa! Ghorofa kumi na moja, na juu kabisa mabwawa mawili ya kuogelea, kana kwamba bahari nzima haikutosha. Watu walimaliza kula saa nane, saa tisa wakawa wamepanga foleni tena. Jamaa mmoja mwenye kaptula alibeba sahani mbili mikononi na ya tatu akaiegemeza kwenye tumbo. Katikati ya vyakula vyote hivyo, mdogo wangu alizunguka na sahani tupu akiuliza kwa adabu: hii ina siagi? Hii ina yai? Kila mhudumu alimjibu "hapana" kwanza, halafu ndipo akaenda kuuliza.

Siku ya pili akaja msimamizi wa ukumbi, amefunga tai ya kipepeo, ana kompyuta ndogo mkononi. "Wageni wa chakula maalumu," akasema, "huagiza leo watakachokula kesho."

"Na leo watakula nini?" nikamwuliza.

"Cha leo walipaswa kuagiza jana."

"Jana asubuhi tulikuwa hatujapanda meli."

"Ndiyo hivyo, mama," akasema, akiwa ameridhika kabisa na jibu lake.

Akatuwekea mezani bendera ndogo ya kijani, ili wahudumu wajue ni meza ya nani. Tangu hapo kila apitaye alitutupia jicho. Bibi mmoja wa meza ya jirani, mwenye pete kila kidole, alimwinamia mdogo wangu akamwuliza kwa sauti ya pole kama ugonjwa wake unaambukiza.

Siku ya tatu chakula kilichoagizwa kikaja. Kwenye karatasi kilikuwa na jina la mistari miwili, "Bustani ya Asubuhi Katika Utulivu wa Mizizi". Kwenye sahani kulikuwa na karoti tatu za kuchemsha na tango lililochongwa likawa bata. Bata! Wameambiwa wasiweke mnyama, wakaenda kumchonga.

"Usiseme kitu," mdogo wangu akaniambia.

"Sijasema."

"Umevuta pumzi."

Nikajikaza kisabuni. Mimi nina desturi ya kunusa chakula kabla ya kukila, desturi ya jikoni, hainitoki. Nikamnusa yule bata wake, nikamwambia kwamba marehemu alikufa kifo cha kawaida. Akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha nikamwigiza yule wa tai ya kipepeo, kidevu juu, na mkate ndiyo kompyuta: "Njaa ya leo, mama, ulipaswa kuiagiza jana." Machozi yakamtoka.

"Dada," akasema akijifuta kwa kitambaa cha meza, "kumbe ukiwa upande wangu unachekesha."

Neno hilo lilinikaa. Miaka yote nilikuwa mchekeshaji, lakini yeye ndiye aliyekuwa kichekesho. Sasa nilikuwa na watu wengine wa kuwadharau, tena wanaostahili, na nilifurahi kama mtu aliyepata kazi mpya. Kichwani nikawa nimeshapanga kuuondoa mtungi wa maua kwenye chumba cha nyuma ili cherehani yake ipate mwanga wa dirisha.

Siku ya nne, mchana, ikaja supu.

Aliileta msimamizi mwenyewe, akafunua kifuniko kwa madaha. Supu ya mboga, akasema, mpishi mkuu ameipika maalumu kwa meza ya bendera. Mdogo wangu kwa siku tatu alikuwa ameishi kwa mkate mkavu na nyanya. Akachota kijiko kimoja, akafumba macho. Akachota cha pili. Bakuli likafika nusu, kisha akanisogezea, uso umemng'aa.

"Onja, Dada. Inafanana kabisa na maharage yako ya Jumapili."

Ningekuwa na akili ningeyasikia maneno hayo vizuri, nikanyamaza. Lakini nilishainusa, nilishaonja, na damu ilishanipanda kichwani. Mifupa. Mifupa ya goti la ng'ombe, iliyobanikwa kwanza kwenye oveni, ikachemka tangu alfajiri, ikachujwa kwa kitambaa. Ulimi wangu hauwezi kudanganywa kwa hilo.

"Usinywe tena," nikamwambia. "Niitieni mpishi mkuu."

Akaja, mtu mnene, mpole wa uso, kofia ndefu, mikono anaipangusia aproni.

"Supu hii umeipika na nini?"

"Na mboga, mama. Karoti, kitunguu, maboga kidogo."

"Na mifupa."

Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Mifupa si nyama, mama. Na tena tumeichuja."

Tumeichuja! Basi nikasimama, nikampa vidonge vyake. "Mtu amekwambia hali vya mnyama. Hakukuomba ushauri. Amekaa mezani kwako, amefungua mdomo kwa kuwa amekuamini, na wewe unamtilia kwa siri kitu alichokikataa, halafu unakaa pembeni unamtazama anavyolamba kijiko, unajiona fundi! Huo si upishi, huo ni wizi. Unamwibia mtu neno lake mwenyewe, tena unamfanya akushukuru!"

Jamaa wa sahani tatu akaacha kutafuna. Nilijiona mkubwa siku hiyo, nilijiona mrefu kuliko ile kofia.

Mpishi hakukasirika, na hilo ndilo lililoniponza. Alinitazama kwa hamu ya mtu wa kazi anayetaka kujua jambo la kazi. "Lakini, mama, umejuaje? Miaka kumi na miwili naipika hivi, hajatokea hata mmoja aliyegundua. Ladha hii mtu haijui mpaka awe anaipika yeye."

Upande wangu wa kushoto nikasikia kijiko kinawekwa mezani, taratibu, karibu na bakuli.

"Dada," mdogo wangu akasema. "Maharage ya Jumapili."

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uongo tayari, nilikuwa nao miaka tisa. Lakini alikuwa ameshanitazama.

"Ulikuwa umekonda," nikasema. "Ile miezi ya kwanza ulikonda, nikaogopa."

"Nimekuuliza. Maharage ya Jumapili."

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote. Tangu mwanzo."

Mpishi mkuu uso ukamchanua. "Ah! Kumbe mama ni mwenzetu!" Akaninyooshea mkono.

Nimewahi kutukanwa na madaktari na wake zao, na mgonjwa mmoja aliwahi kunirushia uji. Hakuna lililonivua nguo kama mkono ule. Maana alisema kweli. Kila Jumamosi nilichemsha mifupa, nikaichuja, nikaificha ile supu nyuma ya barafu, na Jumapili nikaimimina kwenye maharage yake mlango wa jikoni ukiwa umefungwa. Nilijiambia ni mapenzi. Labda mwezi wa kwanza yalikuwa mapenzi. Baadaye, kila aliponiomba nimwongeze, nilikuwa nacheka moyoni: Kobe anakula ng'ombe na hajui. Nilimdharau mdogo wangu kila Jumapili, kwa sahani iliyojaa, na nikaondoka mezani nimefurahi.

Hakupiga kelele. Aliinuka, akaichukua ile bendera ya kijani, akaenda nayo kwenye meza ndogo iliyokuwa karibu na mlango wa vyombo vichafu, akaisimika hapo, akakaa peke yake. Siku ya tano alikula huko. Chumbani tulipishana kwa adabu, samahani Dada, pita Dada, kama wasafiri wawili waliokutanishwa na tiketi. Nilimwona akimwandikia mwanawe ujumbe, akifuta, akiandika tena. Sikuthubutu kuuliza.

Siku ya sita, asubuhi, nikashuka jikoni. Mpishi mkuu akanipokea kwa furaha, akanivika aproni. "Karibu, mwenzetu!" Nikaomba sufuria. Nikaisugua mara tatu, nikainusa, nikaisugua tena. Nikaweka maharage, kitunguu, nyanya, chumvi na maji. Yalipokuwa yanaiva akaja na upawa wa supu yake, akanikonyeza.

"Kidogo tu, mama. Hatajua."

Nikafunika sufuria kwa mkono wangu mtupu, mvuke ukaniunguza, sikuuondoa. "Toa kitu chako hapa."

Nikaonja. Yalikuwa yamepooza, maharage ya mtu anayejifunza. Sijawahi kupeleka mezani kitu nilichokionea aibu, hata kwa wagonjwa waliokuwa hawana fahamu. Nikapakua, nikayabeba mwenyewe ukumbi mzima, nikipita mbele ya bibi wa mapete na jamaa wa kaptula, mpaka meza ya mlangoni. Nikaweka sahani chini ya bendera. Sikukaa.

Mdogo wangu akatazama sahani, kisha akanitazama mimi. "Kuna nini humu?"

"Maharage, kitunguu, nyanya, chumvi, maji."

"Na nini?"

"Na basi."

Akachota, akatafuna muda mrefu. "Hayana ladha."

"Najua."

"Kwa hiyo yale matamu yote..."

"Ndiyo."

Akachota tena. Akala mpaka nusu, bila haraka, huku nimesimama mbele yake na aproni ya watu. Nje ya dirisha nchi kavu ilikuwa imeshaonekana, na vipaza sauti vikatutangazia tufunge mizigo.

"Miaka tisa, Dada," akasema, "umeniita Kobe, umenilisha mifupa. Hujawahi hata siku moja kuniuliza kwa nini niliacha."

"Kwa nini uliacha?"

"Sasa hivi sikwambii."

Akafuta mdomo. Nikangoja. Nilishaiona nyumba, chumba cha nyuma, dirisha, na ule mtungi wa maua ukiwa palepale.

"Nitakuja," akasema. "Lakini jikoni nitapika mimi. Wewe utakaa mezani, utakula nitakachokupa, na hutauliza kilichomo."

"Mpaka lini?"

"Tuanze na miaka tisa."

Akavuta kiti cha pili kwa mguu, akanisukumia nusu ya maharage iliyobaki na kijiko chake. Nikakaa. Nikachota, nikakipeleka kijiko mdomoni moja kwa moja, bila kunusa.