Upana wa Gari Moja

Kipaza sauti kilipotaja jina la Clifford Tansley, nilikuwa nimelala chali chini ya gari langu nikikaza nati ya bomba la moshi, na tone la mafuta machafu lilikuwa linanijia taratibu kuelekea kwenye jicho.

"Gari namba arobaini, Tansley," mtangazaji alisema kwa ile sauti yake ya mtu mwenye mafua. "Ekseli ya nyuma imekatika. Mwenye spea ampelekee kabla ya chakula cha mchana. Na tafadhali rudisheni vikombe vya kantini, vinapungua."

Nikafumba jicho. Tone likaniangukia kwenye kope.

Sisi wenye vigari vya zamani vya mashindano, vya viti viwili na visivyo na paa, tulijuana kama majirani. Kila mtu alijua nani ana injini gani, nani anaokoteza na nani ananunua. Kwa hiyo nilijua kwamba ekseli ya aina ile, uwanja mzima, ilikuwa moja tu. Ilikuwa ndani ya trela langu, imeviringishwa kwenye taulo la jikoni.

Buti za binti yangu Tamsin zikasimama karibu na kichwa changu. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wangu, na alikuwa mkali kuliko mimi.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia."

"Hakuna anayejua kama tunayo."

"Wewe unajua. Hebu nivute miguu nitoke."

Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na sita mwaka ule, mpishi wa shule ya msingi katika mji mdogo wa Lincolnshire, Uingereza. Gari nililinunua mtoto wangu wa mwisho alipohama nyumbani, wakati wenzangu wananunua mbwa. Jumatatu hadi Ijumaa nilipika viazi vya watoto mia mbili. Mwisho wa wiki, klabu yetu ikiwa na mashindano, nilifunga trela nikaenda kwenye uwanja wa zamani wa ndege za kivita, katikati ya mashamba ya kabichi, ambako njia za ndege zilikuwa zimegeuzwa kuwa barabara ya mashindano.

Msimu wa kwanza nilizunguka kama pia. Nilimalizia kwenye majani mara nyingi kuliko kwenye lami. Na kila nilipovutwa kwa kamba kurudishwa, nimelowa matope na aibu, Clifford alikuwa amesimama penye trela langu na kikombe cha chai. Alikuwa daktari wa ng'ombe aliyestaafu, mrefu, mwembamba, sweta lake limetoboka viwiko. Hakuwahi kunieleza nilichokosea. Alinipa chai, akazungumzia hali ya hewa, akaondoka. Sijui kama alijua kwamba chai ile ndiyo iliyonirudisha Jumamosi iliyofuata.

Nikajifunza. Misimu ikapita, nikawapita watu mmoja mmoja, mpaka mbele yangu akabaki yeye tu. Na hapo ndipo nilipokwama. Popote tulipokwenda, Clifford alikuwa wa kwanza na mimi wa pili, nikiyajua maandishi ya nyuma ya gari lake kuliko ninavyoyajua majina ya wajukuu.

Halafu, Jumamosi asubuhi ya mashindano ya mwisho ya msimu, tukiwa kwenye foleni ya ukaguzi wa magari, akaniinamia.

"Noreen, daktari amekataa kutia sahihi cheti changu cha afya cha msimu ujao. Moyo. Kesho naendesha mara ya mwisho, lakini usiwaambie hawa, wataanza kuniimbia."

Nikamshika kiwiko kwenye lile tundu la sweta. Nilimhurumia kwa moyo wangu wote. Lakini pia niliwaza, na sitaficha: basi zimebaki mbio mbili. Nisipomshinda hapa, sitamshinda milele.

Mbio za Jumamosi nilishindwa kwenye kona ya mwisho. Tuliiita Kona ya Ghala, kwa sababu inazunguka ghala la zamani la ndege. Niliingiza pua ya gari upande wa ndani, yeye akageuza usukani kana kwamba sipo, nikalazimika kukanyaga breki. Nilimfuata baadaye nikiwa nachemka.

"Umenifungia njia!"

"Gurudumu lako la mbele lilikuwa limefika wapi?"

Nikafikiri. "Kwenye gurudumu lako la nyuma."

"Basi ulichelewa, bibie. Likifika begani kwangu kabla sijageuza, nakuachia upana wa gari moja. Lisipofika, kona ni yangu."

Alisema kweli, na hiyo ilikuwa sheria tuliyoishi nayo sote. Nikarudi kwenye trela, nikala mkate wa nyama niliopikiwa na Tamsin, nikalala vizuri. Sasa nilijua kitu kimoja ambacho sikukijua asubuhi: nilikuwa nimemkaribia vya kutosha kugombana naye.

Kwa hiyo Jumapili, nikiwa natoka chini ya gari na jicho linaniwasha, sikuwa na la kufikiria sana. Tamsin ndiye aliyekuwa na mengi.

"Ukimpa, atakupiga tena mbele ya klabu nzima."

"Na nisipompa?"

"Utashinda."

"Nitamshinda nani? Mzee aliyekaa kwenye kiti cha turubai na blanketi magotini? Lete taulo lile, mwanangu. Na spana kubwa, yake imechakaa."

Akanitazama, akacheka kwa pua. "Wewe mama ni mgonjwa." Lakini alilichukua boksi zima la spana, akatangulia mbele yangu akikimbia.

Tulimkuta Clifford amekaa hivyo hivyo nilivyosema, blanketi magotini, gari lake limeinuliwa kwa jeki. Alitazama taulo, akanitazama mimi.

"Hiyo ndiyo spea yako pekee."

"Najua."

"Ya kwako ikikatika je?"

"Haitakatika. Mimi siingii kona kama nachinja nguruwe."

Watu wakacheka. Wakaja kusaidia hata wale tuliokuwa tunashindana nao: mmoja akashika taa, mwingine akasimama na mwavuli juu ya Tamsin kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza. Ule mwavuli siusahau. Mwenye nao alilowa mgongo mzima.

Tulipopanga magari kwa ajili ya kuanza, manyunyu yalikuwa yamekatika na barabara inakauka. Taa za kuanzia zikazimika, tukaondoka. Nilimkaa Clifford mgongoni tangu kona ya kwanza. Wa nyuma yetu wakapungua kwenye kioo, mpaka tukabaki wawili, mimi na yeye na harufu ya kabichi na mpira ulioungua. Sikuwa na wasiwasi. Mikono yangu ilikuwa imetulia kama ninapokoroga mchuzi. Nilijua anapofunga breki na anapobadili gia. Nilikuwa nimemsoma kwa miaka.

Mzunguko wa mwisho, kwenye kona inayotangulia ile ya Ghala, nilisubiri. Nilimwacha aende mbele kidogo, nikageuza polepole, nikakanyaga mafuta mapema kuliko nilivyowahi kuthubutu. Gari likanyooka na kuruka. Nikatoka upande wake wa ndani: gurudumu la nyuma, mlango, kisha bega. Niliona glavu zake za buluu zilizopauka. Akageuza kichwa, tukaangaliana kupitia miwani ya kofia ngumu. Alikuwa bado hajageuza usukani.

Angeweza kunisukuma kwenye majani. Msimamizi gani angemlaumu, mzee kwenye mbio zake za mwisho, barabara ina unyevu? Akageuza. Na kati ya gari lake na ukingo wa lami akaacha nafasi ya gari moja, imepimwa sawasawa, hata mkono usingepenya upande wowote. Nikaizunguka kona ile tukiwa bega kwa bega, wala hatukugusana. Tulipotoka, pua yangu ilikuwa mbele, ikabaki mbele mpaka kwenye bendera ya miraba ya kumalizia.

Baada ya bendera kuna mzunguko wa polepole, na desturi yetu ni kuwapungia mkono wasimamizi wa kona, wale wanaosimama kwenye mvua na bendera bila kulipwa hata senti. Niliwapungia. Nilipotazama kwenye kioo, nikamwona Clifford amenyoosha mkono nje ya gari, kila kona, ananionyesha mimi kwa kidole ili wanipigie makofi.

Nilimsubiri avue kofia.

"Uliniachia?"

Uso wake ukakakamaa. Sijawahi kumwona amekasirika vile.

"Nilikuachia upana wa gari moja, Noreen. Hiyo ilikuwa haki yako, si zawadi. Kilichobaki umekichukua mwenyewe." Kisha akakaa kwenye ngazi ya trela. "Nilidhani leo nitalia. Kumbe nina njaa tu."

Nikamkatia keki, kipande kikubwa, nikakaa karibu naye. Safari hii chai nilimmiminia mimi.

Majira ya kuchipua ekseli ilirudi, imesafishwa na kupakwa grisi, ndani ya taulo langu lililofuliwa na kupigwa pasi. Clifford alivaa koti la rangi ya chungwa, akasimamia bendera Kona ya Ghala kwa miaka mingi, moyo wake mbovu na yote, na kila nilipopita nilimpungia wa kwanza.

Sasa gari analiendesha Bryony, binti wa Tamsin. Magoti yangu hayanyanyuki tena kutoka kwenye kiti kile, lakini naenda naye, nakata keki. Ekseli nilimpa pamoja na gari, ndani ya taulo lile lile. Mwenyewe hajapata kuihitaji. Kila nikipekua trela lake, siikuti.

"Iko wapi?" namuuliza.

"Iko kwa mtu, Bibi," ananijibu, na kuendelea kukaza nati zake.