Bango la Klabu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Eveline alikuwa anaosha bango. Alianza na herufi za juu, akashuka hadi jina la Mwalimu Mkuu, ambalo lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu na lilikuwa kubwa kuliko neno MAZINGIRA. Maji yalikuwa ndoo mbili, kutoka bondeni. Vumbi lilikuwa la malori ya mbao yanayoingia Makambako, na lilirudi kabla hajamaliza kukamua kitambaa.

Eveline alikuwa darasa la sita, na mwenyekiti wa Klabu ya Mazingira. Klabu ilikuwa ya wanafunzi wenyewe. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Tarsis, alilipenda sana hilo neno *wenyewe*. Wanafunzi walichimba wenyewe, walibeba wenyewe, na walichagua wenyewe kile alichokwisha kuchagua yeye. Katika kikao cha kwanza walisema waanze kwa kung'oa milingoti, yaani mikaratusi, iliyoizunguka chemchemi, maana mlingoti unakunywa maji kama mgeni asiyeaga. Mwalimu Tarsis akawasifu, akawaambia waandike wazo hilo kwenye daftari, na daftari akalifungia kabatini. Milingoti ile ilikuwa ya shemeji yake.

Badala yake walipanda miche mia mbili nyuma ya vyoo, mwezi wa saba. Njombe yote inajua kwamba mwezi wa saba hapandwi mti, ardhi imekauka na baridi inaunguza hata majani ya viazi. Lakini wageni wa mradi walikuja mwezi wa saba. Wakapiga picha, wakaondoka, na miche ikafa ndani ya wiki tatu, yote, bila kumsumbua mtu.

Likabaki bango. Alilitengeneza fundi Odilo kwa mbao kavu za paina, akalisimamisha kwa nguzo mbili za mlingoti zilizokatwa asubuhi ile ile ya wageni.

"Mwalimu, miti hii mibichi," Odilo alisema. "Hii itachipua."

"Chimbia, bwana! Wageni wameshafika mjini, wewe unaniletea habari za kuchipua."

Odilo akachimbia. Mwalimu akaagiza bango lioshwe kila siku na mwenyekiti, ili jina lisomeke barabarani. Mwezi wa tisa nguzo zikatoa majani. Mwezi wa kumi bango lenyewe, mbao kavu, zilizopasuliwa na kupakwa rangi, likatoa tawi kwenye herufi M. Hakuna aliyeshangaa. Kitu kinachopewa ndoo mbili kila siku lazima kifanye kitu. Mwalimu Tarsis akaongeza ziwe nne.

Mwezi wa kumi na moja chemchemi ikaisha. Kule chini kina mama walikuwa na vinyungu, zile bustani za bondeni zinazolisha watu wakati wa kiangazi. Udongo ukawa mgumu kama sakafu, kabichi zikajikunja. Kina mama wakatazama, wakarudi nyumbani. Watoto wakawa wanarudi na matope kwenye ndoo, na baadaye ndoo tupu. Bango halikujali. Liliendelea kurefuka kidole kimoja kila wiki.

Mama yake Eveline, Esnath, ndiye aliyejua linapata wapi huo urefu. Kwenye mwimo wa mlango wake kulikuwa na alama za mkaa, moja kwa kila Krismasi tangu mtoto aanze kusimama. Jumamosi moja aliona sketi ya shule inaburuza chini. Akamsimamisha mlangoni, akampima. Kichwa kilikuwa vidole vitatu chini ya Krismasi iliyopita. Jumamosi iliyofuata, vinne.

"Mama, nimepungua?"

"Kidogo. Kunywa uji."

Akapandisha pindo la sketi, kisha akaenda shuleni.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, Mama Eveline! Umeona bango letu linavyopendeza?"

"Nimeliona. Mwanangu anafupika."

Mwalimu Tarsis akachungulia dirishani. Eveline alikuwa amepanda juu ya ndoo ili afikie herufi za chini.

"Ni kweli," akasema. "Lakini nidhamu yake haijashuka hata kidogo."

"Naomba aache kuliosha. Na maji yenyewe hakuna."

"Mama, mimi simlazimishi mtoto wa mtu. Klabu ni ya wanafunzi wenyewe. Waitishe kikao, waandike, waniletee nisaini."

Wakaitisha kikao. Wote wakanyoosha mikono kwamba bango lisiguswe tena. Daftari likafungiwa kabatini pamoja na lile la kwanza, na kesho yake Eveline akapewa kitambaa kikavu.

"Basi namwachisha shule," Esnath alisema.

"Mwachishe. Mimi nitaandika utoro, na mtendaji wa kijiji atakufuata mpaka mlangoni."

Esnath aliogopa mtendaji, kama kila mtu. Lakini alizidi kuogopa ule mwimo wa mlango. Siku ya Jumapili, watu wakiwa kanisani, alikwenda na panga akaikata nguzo ya kushoto, pigo moja. Yakatoka maji safi, kama nusu ndoo, yananukia mafuta ya nywele za Eveline. Akakimbia nyumbani. Akamkuta mtoto amekaa kizingitini, ameushika mguu wa kushoto, hajalia.

"Mama, acha tu," alisema.

Esnath akarudi, akachana kanga, akaifunga ile nguzo vizuri. Panga akaliacha pale pale.

Wageni walirudi mwezi wa tatu. Wakati huo bango lilikuwa limepita paa la darasa, na jina la Mwalimu Tarsis, ambalo nalo lilikuwa limekua, lilisomeka kutoka kwenye treni ya Zambia. Mgeni mmoja, kijana mwenye buti mpya, aliuliza miti mia mbili iko wapi. Mwalimu akamwonyesha bango. Mgeni akalitazama juu mpaka chini, akaandika: *mmoja, wenye afya*.

Eveline alisoma risala akiwa amesimama juu ya meza. Alisema klabu inaongozwa na wanafunzi wenyewe. Watu wakapiga makofi. Akapewa cheti chenye fremu, na kwa kuwa cheti kilikuwa kirefu kuliko yeye, walikishika wenzake wawili kwa niaba yake. Baada ya picha, Mwalimu akakitundika ofisini.

Esnath alimbeba mgongoni kwa ile kanga iliyobaki, kama alivyombeba zamani akienda kliniki. Mwenyekiti alilala kabla hawajafika barabara kubwa.

Wiki iliyofuata palikuwa na kikao cha wazazi. Mwalimu Tarsis alisema mwenyekiti aliyepita amefanya kazi nzuri, ila sasa hafikii hata herufi ya mwisho, na hilo si jambo la kulaumiana. Akashauri safari hii wachague mtoto mrefu. Wazazi wakaona ni ushauri wa maana. Wakamchagua Filemoni wa darasa la tano, aliyewazidi wote kichwa kizima, na mama yake akapiga vigelegele.

Esnath alisogea akakaa karibu na mama huyo kwenye benchi. Mtoto wake alikuwa ameacha kupungua siku ile ile ya wageni, alipopokonywa kitambaa, lakini hakurudisha hata kidole. Akafungua fundo la kanga, akatoa kipande cha mkaa, akakiweka kwenye kiganja cha mwenzake.

"Mpime kila Jumamosi. Mlangoni. Usiruke hata moja."

Mama Filemoni akamtazama Eveline pale mgongoni kwa mama yake, akautazama mkaa, akacheka kwa upole.

"Dada, wangu mrefu huyu," akasema. "Ana pa kupungulia."