Ukuta Ulioanzia Katikati

Ukuta ulianzia katikati ya sebule, umesimama peke yake kama mgeni ambaye hakupewa kiti. Fundi alinung'unika kwamba tangu ashike mwiko hajaona ukuta usioshikana na mwenzake. Lakini upande huu palikuwa na kabati la mama, upande ule kitanda alichougulia, na si mimi wala kaka aliyethubutu kuvisogeza.

Tulimzika mama, tukapokea watu, kisha maneno yakaanza: kila mmoja alimwona mwenzake ndiye aliyechelewa kumfikisha hospitali. Mimi msusi, kwangu hapakauki watu wala umbeya. Kaka mwalimu wa baiolojia, hata mbu akipita anamwambia shh. Mama ndiye aliyetuweka chungu kimoja. Wajomba wakakata shauri, nyumba igawanywe.

Siku zile tuliuzunguka ukuta, mimi kwa ncha hii, yeye kwa ile. Nikamuuliza kama tumejengewa ukuta au kisiwa. Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akamega donge la unga niliokuwa nakanda, akalizungushia uzi wangu wa kusukia, akakaza.

"Seli ya mnyama ndivyo inavyofanya, dada. Kiini kikishagawanyika, saitoplazimu, ule uteute wa ndani, hubanwa kutoka nje mpaka ikatike."

"Na mmea?"

"Ya mmea ina ukuta mgumu nje, haibaniki. Vifuko vidogo hukusanyika katikati, vinaungana, vinajenga kwenda pembeni mpaka viguse pande zote."

Tukageuka kuutazama ukuta wetu. Uzi ukabaki mkononi mwake.

Kesho yake alisukuma kabati mwenyewe, halafu kitanda. Hakuniita nimsaidie. Fundi akaendeleza ukuta kwenda pembeni, hadi jioni ilibaki nafasi ya kupitisha mkono tu.

"Kaka," nikasema, "mmea nao huziba kote?"

"Hapana. Huacha vitundu. Saitoplazimu ya huku na ya kule huendelea kupitana."

"Basi tuachie kimoja. Mdogo wako nakuomba."

Niliuona mkono wake tu, umeshika tofali la mwisho. Ukaliweka ukingoni mwa nafasi ile, ukaondoka.

"Ziba, fundi."

Fundi alinitazama kwanza, kama anayesubiri nimkataze. Kisha akachota saruji.

Asubuhi wateja walijaa kwangu kama kawaida, wakataka habari za mtaani. Nikawaambia leo sina.